Je, Wajua? Farasi Mkongwe Ndiye Mwalimu

Je, wajua ya kwamba katika chuo mashuhuri cha upandaji farasi cha Vienna, huko Austria, mwanafunzi mgeni hapewi hatamu wala vikuku vya kutilia miguu, bali hupandishwa juu ya farasi mzoefu azungukaye kwa kamba ndefu iliyo mkononi mwa mwalimu, hata kiuno kilegee, mgongo unyooke na visigino vishuke vyenyewe? Taabu kweli, lakini ndiyo ilimu yenyewe.

Lakini huku Ngerengere, Tanzania, farasi ni adimu, wala si ajabu: mbung'o, waenezao ugonjwa wa nagana, ni hasimu wao tangu kale. Na mwaka 1871 msafiri Stanley, kabla hajaufikia mto Ngerengere, alikwisha kufiwa na farasi wake wawili kijijini Kingaru, mmoja wao hidaya ya Sultani Barghash wa Unguja.