Taya Lililovunjika Si Lazima Liache Kovu Usoni

Pikipiki zimetupunguzia mwendo, lakini zimetuletea pia majeraha ya uso. Mtu aangukiapo kidevu, taya huweza kuvunjika hata pasipo jeraha kubwa kwa nje. Wengi wetu huahirisha kwenda hospitali kwa kuogopa kisu, tukihofu kwamba kijana wetu, hasa binti, atarudi na kovu shavuni. Hofu hiyo twaielewa, ila tiba imekwisha kuitangulia.

Zamani meno ya juu na ya chini yalifungwa pamoja kwa waya kwa wiki 4 hadi 6, mgonjwa akinywa uji kwa mrija. Wengine walipasuliwa chini ya kidevu. Katika miaka ya 1970, daktari Maxime Champy na wenzake mjini Strasbourg, Ufaransa, walichunguza jinsi taya linavyovutwa wakati wa kutafuna. Walionyesha kwamba kibati chembamba, kikikazwa kwa skrubu ndogo pale penye mvuto, chatosha kuushika mfupa. Kwa udogo wake, kibati hicho huingizwa kupitia ndani ya kinywa, na mshono hujificha chini ya mdomo. Mgonjwa hula vyakula laini kwa wiki kadhaa, lakini huweza kufungua kinywa na kuzungumza na watu wake.

Pagumu zaidi ni karibu na sikio, kwenye bawaba ya taya, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso hupita jirani. Penye vifaa na utaalamu, madaktari huingiza kamera nyembamba kinywani na kuunga mfupa wakiutazama kwenye skrini.

Hata hivyo, mfupa uliosagika au uliofanya usaha huenda ukahitaji kupasuliwa kwa nje. Ndiyo maana kuchelewa kuna gharama: taya likijiunga kombo, kulinyoosha huwa kazi kubwa zaidi.

Basi tumtazame aliyeanguka. Je, meno yake hayakutani kama kawaida? Mdomo wa chini una ganzi? Chini ya ulimi pamevilia damu? Ikiwa ipo hata dalili moja, asikandwe, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto aliyeangukia kidevu asipuuzwe, kwani bawaba iliyoumia yaweza kukaza kinywa na kudumaza ukuaji wa taya.