Matarishi wa Kinga Katika Mji wa Mimba

Mwaka 1953 Peter Medawar, mwanachuoni wa Uingereza, aliuliza inakuwaje mwili wa mama, ambao hukataa kiungo cha mtu mwingine kikipandikizwa ndani yake, umstahamili miezi tisa mtoto ambaye nusu ya asili yake ni ya baba. Wengi walidhani kwamba kinga ya mama hulala. Hailali hata kidogo.

Chembe za kinga hupelekeana habari kwa protini ndogo mno ziitwazo sitokini, ambazo ni kama matarishi wa sultani, wengine wakichukua amri ya vita na wengine ya sulhu. Mimba inapojipachika katika ukuta wa mji wa mimba, matarishi wa vita huhitajiwa, kwani interferoni gama ya mama husaidia kutanua mishipa ya damu itakayomlisha mtoto. Miezi ya katikati hutawala wa sulhu, hususan interleukini-10. Na uchungu ukikaribia, wale wa vita hurudi, ili mlango wa uzazi ulainike. Shari huja pale amri ya vita itolewapo kabla ya wakati wake.

Na malaria, mgeni asiyehama pwani yetu tangu Kilwa Kivinje hadi Lindi, hufanya hivyo hasa. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakichunguza makondo ya akina mama wa Kisumu, walibainisha kwamba chembe nyekundu zenye vimelea hunata katika kondo la nyuma kwa kushika aina ya sukari iliyoko pale; na miaka miwili baadaye ikadhihirika kwamba kondo la namna hiyo hupungukiwa na interleukini-10, ilhali interferoni gama na TNF, tarishi mwingine wa vita, huzidi, na TNF ikizidi mtoto aghalabu huzaliwa na uzito haba. Ajabu ni kwamba huko Muheza, mkoani Tanga, katika damu ya mishipa ya mama mwenyewe, interleukini-10 ilionekana kupanda. Huenda mwili hujaribu kuuzima moto uliokwisha kuwaka.

Mama wa Kikole, wilayani Kilwa, mwenye mimba ya kwanza ndiye aliye hatarini zaidi, maana mwili wake haujapata kukutana na vimelea vya kondo, na pengine hana homa wala vimelea havionekani katika damu ya kidole. Ana haki ya kuuliza kwa nini kliniki humpa vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, hali yu mzima. Jawabu ni kwamba uzima wake si hoja juu ya hali ya kondo.

Lakini lililo zito zaidi, kwa rai yangu, lilionekana Msambweni, pwani ya Kenya, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2009: baadhi ya watoto ambao mama zao waliugua malaria wakiwa wajawazito walizaliwa na chembe za damu ya kitovu zisizotoa interferoni gama zikutanapo na vimelea, kana kwamba walikwisha kuvizoea tumboni, na watoto hao wakaambukizwa malaria kwa wepesi zaidi kuliko wenzao katika miaka yao ya mwanzo.