Mathe, Naweza Tuma?

Saa moja jioni, stage ya Umoja. Mathe anapasua smokie, anajaza kachumbari, pilipili anaweka bila kukuuliza. Mbili na yai, soo. "Mathe, naweza tuma?" Anakucheki usoni kwanza. Hiyo sekunde moja ndio CRB ya mtaa. Kama anakujua, "tuma tu kwa ile namba." Kama hakujui, "simu imezima, kijana, leta cash." Na simu iko kwa mfuko ya eproni, inalia.

M-Pesa iko tangu 2007, so msee asikushow ati mathe ni mshamba. Fees ya watoi, chama, doh ya ocha, zote anatuma akiwa amesimama hapo hapo. Ngori ni hesabu. Mayai anachukua kumi na moja asubuhi, na buda wa trei anataka ganji mkononi. So za jana lazima zitolewe, na kutoa punch kwa ajenti ni 29 bob. Hiyo ni karibu smokie mzima imeenda hivyo. Ndio maana anakuambia "weka na ya kutoa," na wewe unajifanya hujaskia.

Halafu Fuliza, hii watu huongea chini ya maji. Ukiwa na deni, doh ikigusa line inakatwa kwanza. Simu ya mathe ikizima wiki mzima, usiulize mob.

Dem wa chapo hapo kando alikuwa ameandika namba yake na maka kwa katoni. Mafisi wakaanza kupiga saa tano usiku kuuliza kama amefika. Akachana hiyo katoni, akaweka till. Till haipigiwi.

Buda wa mutura naye alichezwa na meseji feki. Mkora alimwonyesha kwa simu yake mwenyewe, akakula, akahepa. Siku hizi ni "ngoja iingie." Anakata, anaweka chumvi, anafunika na mkono mpaka simu yake itetemeke.

Jana network ililala. Tulisimama hapo, yeye na kisu, mimi na simu, mutura inapoa katikati.

"Imeingia?"

"Bado."

Dem nyuma yangu akachoka. Akachomoa soo kwa kava ya simu, akanilipia. Nikamtumia baadaye, na ya kutoa.