Mandari Chini ya Mijakaranda

Kwa wengi wetu wa mwambao, Upper Hill ni jina la ugonjwa. Mtu akisema, "Mama kapelekwa Upper Hill," hapana anayeuliza kama amekwenda kutembea. Huulizwa daktari amesemaje na mchango utapelekwa wapi. Hospitali ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, iko huko, na mabingwa wa moyo, wa figo na wa macho wamejaa katika barabara zake. Mzee wa Lamu au wa Kilifi hufika alfajiri kwa basi, hukaa benchini mpaka alasiri, kisha hugeuza usiku uo huo. Nairobi aliyoiona ni ukuta wa kliniki na mgongo wa aliyemtangulia katika foleni.

Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa akina mama, jambo jingine lipatikanalo katika kilima hicho hicho: maua.

Habari yenyewe ilianzia mbali. Jirani zetu wawili, mume na mke waliokwisha kupita miaka sitini, waligharimiwa na watoto wao safari ya Japani, wakaondoka mwisho wa Machi ili wawahi kuona micheri ikichanua. Waliporudi, picha zao zilizunguka katika vikao vya akina mama kwa muda wa mwezi mzima. Kumbe Wajapani huacha shughuli zao, wakatandika mikeka chini ya miti hiyo pamoja na wake zao, wazee wao na vyakula vyao, wakakaa wakitazama tu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufasiriwa jambo hilo, kwani ndiyo mandari yetu, ila wao wameifunga kwa mti mmoja na kwa siku chache. Ua la mcheri halikai. Baada ya juma moja hivi hupeperuka. Kwa hiyo Idara yao ya Hali ya Hewa ina mti maalumu katika mji wa Tokyo, na yanapofunguka maua matano au sita juu ya mti huo, hutangazwa kuwa msimu umeingia. Katika mji wa Kyoto kumbukumbu za siku ya kuchanua zimeandikwa tangu zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na mwaka 2021 kilele kilifika tarehe 26 Machi, mapema kuliko miaka yote iliyokuwa imeandikwa kabla yake.

Mama watoto alipozipokea picha hizo aliisogeza simu karibu na uso wake, akazitazama moja moja, kisha akauliza: "Na ile miti ya zambarau tunayoipita tukienda kliniki, nayo huchanua lini?"

Yafaa tueleze kwa nini swali lile lilituingia. Mwenzetu ana presha ya macho. Maradhi haya hayaumi, na huila nuru kuanzia pembeni, polepole, hata mtu asijue mpaka amekwisha kugonga mlango aliodhani uko mbali. Nuru iliyopotea hairudi. Iliyobaki hulindwa kwa dawa ya matone na kwa kupimwa mara kwa mara. Kwa ajili hiyo, miaka minne sasa, kila Aprili na kila Oktoba, sisi wawili hupanda treni Miritini kwenda kumwona daktari wake. Basi jibu la swali lake lilikuwa jepesi: miti ile huchanua Oktoba. Tuliondoka siku tatu kabla ya miadi.

Mjakaranda si mti wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama Ajentina na Bolivia, na uliletwa na kupandwa Nairobi zama za ukoloni. Desturi yake ni kutoa maua kabla ya majani, baada ya baridi ya Julai na Agosti, hivyo kwa majuma kadhaa mti mzima huwa rangi moja tu, na yanayoanguka huifunika lami. Watu wa bara rangi hiyo huiita zambarau kwa mazoea, lakini mtoto wa pwani anajua zambarau ni tunda linalotia ulimi wino, na rangi ile hasa ni ya ulimi wa mtoto aliyekwisha kunawa mara moja.

Tulianza kwa miguu pale Upper Hill penyewe, asubuhi, taratibu, kwa sababu mji ule uko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,700 na pumzi ya mtu wa pwani hushtuka. Zamani kilima hiki kilikuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli, za chini, zenye bustani pana. Leo pana jengo la Britam, lililokamilika mwaka 2017 na kufikia mita 200, na mengine ya namna hiyo, na kila ghorofa lilipoinuka bustani ilikwenda. Miti iliyosalia imebanwa baina ya kuta na maegesho ya magari. Mama watoto hakuilalamikia. Alisimama chini ya mmoja uliokuwa kando ya njia, akainua uso, akanyamaza. Kwa kuwa pembeni haoni vizuri, alilazimika kugeuza kichwa chote kutoka tawi hadi tawi, nasi tulimshika mkono asiteleze juu ya maua yaliyolowa umande. Mlinzi wa jengo alituuliza tumepotea wapi. Tulimwambia hatujapotea.

Ng'ambo ya kilima iko bustani ya Uhuru. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga humo jengo la ghorofa 60, na mwanamke mmoja, marehemu Wangari Maathai, akalipinga kwa barua mpaka likaachwa. Alitukanwa sana kwa jambo lile, na mwanamke yeyote anayekaa leo chini ya kivuli cha bustani ile anadaiwa naye dua ya heri.

Wapo watakaosema kuwa wazee wazima kufuata maua ni upuuzi na ubadhirifu. Twawauliza: je, Mtume (s.a.w.), akiwa safarini, hakuwaamuru watu watangulie ili ashindane mbio na Bi Aisha (r.a.)? Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Baada ya miaka walishindana tena, naye Mtume akashinda, akacheka, akamkumbusha kuwa hiyo ni malipo ya ile. Aliyekuwa na umma mzima wa kuushughulikia alipata nafasi ya kucheza na mkewe njiani. Mzee wetu anayempeleka mkewe hospitali tu, akahesabu amemaliza, ana hoja gani?

Siku ya pili tulichukua teksi hadi Arboretum, shamba la miti lililoanzishwa mwaka 1907 karibu na Ikulu. Ada ya kuingia ni ndogo. Tulitandika mkeka, tukatoa chupa ya chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi. Tahadhari moja kwa atakayetufuata: tumbili wa pale hawana haya. Mmoja alishuka, akachukua hamri mkononi mwa mwenyewe, akapanda nalo juu kulila mbele yetu. Mama watoto alicheka hata ushungi ukamteleza.

Anayetaka kwenda aende baina ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Novemba, kabla ya mvua za vuli kuyapiga maua. Achukue shali, maana asubuhi kuna baridi. Adhuhuri Msikiti wa Jamia uko katikati ya mji, na wanawake wana mahali pao.

Siku ya tatu tulikwenda kliniki. Presha ilikuwa imetulia, alhamdulillahi. Pembeni hapakuongezeka kitu wala kupungua. Karani alipoandika miadi ya Aprili, mama watoto alimwomba aandike kabisa na ya Oktoba, tena iwe Jumatatu, ili Jumamosi na Jumapili zitangulie. Karani akauliza kuna nini mwisho wa juma. Akaelezwa. Akachungulia dirishani, penye mti mmoja nyuma ya jenereta, akaandika Jumatatu.