Muanda: Mafuta yana bei, na mikoko je?

Kongo ni nchi kubwa, lakini mlango wake wa bahari ni mdogo: karibu kilomita 40 tu za pwani kwenye Atlantiki, katika jimbo la Kongo-Central. Kwenye kipande hicho kidogo kila mtu anataka nafasi yake. Kampuni ya Perenco inachimba mafuta, nchi kavu na baharini. Huko Banana, Rais Félix Tshisekedi aliweka jiwe la msingi la bandari ya maji marefu Januari 2022, kazi iliyokabidhiwa kampuni ya DP World ya Dubai. Wavuvi wanatoka na mitumbwi yao kila siku. Na katikati ya hayo yote kuna Hifadhi ya Bahari ya Mikoko, iliyoundwa mwaka 1992 na kusimamiwa na taasisi ya serikali ya uhifadhi, ICCN. Ndiyo hifadhi pekee ya bahari tuliyo nayo.

Mafuta yanahesabiwa kwa pipa. Bandari inahesabiwa kwa meta za gati na kontena zitakazopita. Lakini mikoko, ile miti inayoota kwenye matope pale Mto Kongo unapokutana na maji ya chumvi, inahesabiwa kwa nini? Kwenye hesabu za pato la taifa, mkoko uliosimama ni sifuri. Ukikatwa na kuchomwa makala, hapo ndipo unapata bei. Ni hesabu ya ajabu: mti unaanza kuwa na faida siku unapokufa.

Wachumi wanaotaka kurekebisha kosa hilo wanatumia neno "mtaji wa asili". Neno ni geni, lakini wazo lenyewe linajulikana na kila mama anayeuza sokoni. Kuna mtaji, na kuna faida. Faida inalisha watoto na kulipa minervali. Mtaji haugusi, kwa sababu siku atakapokula mtaji, kesho hana cha kuuza. Msitu, mto na bahari ni hivyo hivyo. Samaki tunaovua mwaka huu ni faida. Samaki wanaobaki kuzaa, na mahali wanapozalia, ni mtaji.

Sisi wa mashariki tumeshaona mtaji ukiliwa. Katika Hifadhi ya Virunga, viboko walikuwa karibu 30,000 katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, baada ya miaka ya vita na uwindaji haramu wa watu wenye silaha. Kinyesi cha kiboko ndicho kinachorutubisha maji ya Ziwa Edouard: mimea midogo inaota, samaki wanapata chakula. Viboko walipopungua, na uvuvi haramu ukaongezeka, wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonga waliona nyavu zao zikirudi nyepesi. Hakuna aliyeandika hasara hiyo kwenye daftari la serikali. Iliandikwa kwenye sahani za watu.

Virunga hiyo hiyo ilipimwa mwaka 2013, wakati wa mjadala mkali kuhusu kutafuta mafuta ndani ya hifadhi. Ripoti iliyotolewa na shirika la WWF ilikadiria kwamba hifadhi ilikuwa na thamani ya dola milioni 48.9 kwa mwaka, na kwamba kama kungekuwa na amani ingeweza kupita dola bilioni moja kwa mwaka, kwa kuhesabu uvuvi, utalii, umeme wa maji na mengineyo. Mtu anaweza kubishana na tarakimu hizo. Lakini kwa mara ya kwanza upande wa hifadhi nao ulifika mezani na hesabu yake.

Mikoko ya Muanda inastahili hesabu kama hiyo, kwa sababu kazi zake zinajulikana. Kati ya mizizi yake wanakua samaki wadogo, kamba na kaa, kabla ya kutoka kwenda baharini ambako mvuvi atawakuta. Mizizi inashika matope na kupunguza nguvu ya mawimbi. Udongo wake unaficha kaboni nyingi kwa hekta kuliko misitu mingi ya nchi kavu. Humo anaishi nguva, na kwenye fukwe za jirani kasa wanapanda kutaga mayai. Ndiyo maana eneo hili liliingia mwaka 1996 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Je, hesabu hii inabadilisha nini katika uongozi wa hifadhi? Kwanza, inabadilisha maswali. Tumezoea kumuuliza msimamizi wa hifadhi ana walinzi wangapi na amekamata watu wangapi. Hesabu ya mtaji inauliza mambo mengine: mikoko iko hekta ngapi mwaka huu kuliko mwaka jana? Samaki wanaofika sokoni wana ukubwa gani? Nani anapata faida, na nani anabeba hasara? Tangu Machi 2021 Umoja wa Mataifa una utaratibu uliokubaliwa wa kuandika hesabu kama hizo pembeni ya zile za uchumi. Chombo kipo.

Pili, inabadilisha watu wanaokaa mezani. Mwanamke anayekausha samaki kwa moshi anahitaji kuni, na mkoko uko karibu. Kumfukuza bila kumpa njia nyingine ya kupata moto ni kumhamishia gharama yote ya uhifadhi, wakati faida ya mikoko inakwenda kwa wengi. Hesabu nzuri inamwonyesha yeye pia.

Kuna waliotutangulia. Huko Gazi na Makongeni, pwani ya Kenya, wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni miaka ya 2013 na 2014. Pesa si nyingi, lakini zimeleta maji na kusaidia shule, na wakaaji wenyewe ndio wanaoamua matumizi. Seychelles ilipunguziwa mzigo wa deni la karibu dola milioni 21.6 kwa ahadi ya kulinda asilimia 30 ya bahari yake. Machi 2020 ilitimiza, baada ya miaka ya kujadiliana nani avue wapi.

Lakini tahadhari inahitajika. Kitu kikishapewa bei, kuna atakayesema: "Basi mimi nalipa zaidi, niachieni." Pipa la mafuta likipanda bei, je, mikoko itakuwa imeshindwa mnada? Hapana. Thamani inaandikwa ili hasara isifichwe. Haifanyi kila kitu kuwa bidhaa ya kuuzwa. Kuna mtaji usioweza kununuliwa tena: nguva akiisha Muanda, hakuna duka la kumwagiza. Na hesabu iliyofanywa Kinshasa au Ulaya bila wavuvi itakuwa karatasi tu, hata ikiwa na sifuri nyingi.

Desemba 2022, huko Montreal, nchi zilipokubaliana kulinda asilimia 30 ya ardhi na bahari kufikia 2030, mjumbe wa Kongo alisimama kupinga: pesa zilizoahidiwa kwa nchi maskini hazitoshi. Mwenyekiti aligonga nyundo hata hivyo. Hoja ya Kongo ilikuwa na uzito, na bado inao. Ila anayedai kulipwa kwa kutunza mali lazima aonyeshe daftari la mali hiyo.

Kwa hiyo swali liko kwa wizara za Mazingira, Mafuta na Fedha kwa pamoja: kabla ya kibali kingine kusainiwa kwenye kilomita hizo 40, je, mtaweka mezani hesabu ya mikoko, isomwe mbele ya wakaaji wa Muanda, kwa lugha wanayoielewa? Mafuta, kila anayeyachimba anajua yataisha. Kitakachobaki siku hiyo kuwalisha watu wa pwani ni kile ambacho leo kinaandikwa sifuri.