Je, Nchi Iliyoungana na Nyingine Ina Haki ya Kujitoa?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Nchi mbili zikiungana kwa mkataba, kisha moja ikataka kujitoa, je, hiyo ni haki yake au ni uasi? Maimamu huulizwa suali hili, na jawabu likikosewa damu ya Waislamu humwagika. Tulitazame kwa fiqhi, kisha kwa tarikh.

Hukumu ya mkataba

Aya ya kwanza ya Suratul Maida inaamrisha kutimiza mikataba. Basi asli ni kubaki, na anayetaka kuondoka ndiye anayetakiwa kuleta hoja. Lakini mafakihi wameigawa mikataba mafungu mawili. Upo ulio lazim, kama kuuza na kununua, ambao haufunguliwi ila kwa ridhaa ya pande zote mbili. Kufunguana huko huitwa iqala. Na upo ulio jaiz, kama uwakala, ambao kila upande waweza kuuacha. Katika ushirika wa mali wamekhitilafiana: wanavyuoni wengi wamempa mshirika haki ya kujitoa, na Wamaliki wakaona mkataba umekwisha kumfunga.

Sisi tunaona dola si duka la washirika wawili. Ndani yake mna jeshi, sarafu, madeni na watu waliooana. Kwa hiyo muungano uko karibu zaidi na mkataba lazim: hufunguliwa kwa sharti lililoandikwa au kwa kuridhiana, kama Singapore ilivyotengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965. Na ikiwa upande mmoja umevunja masharti, mwenziwe ana haki ya kudai. Hata hapo, Aya ya 58 ya Suratul Anfal inafundisha kuwa anayechelea khiyana autangaze waziwazi mwisho wa ahadi, asivizie.

Mafunzo mawili

Misri na Syria ziliungana mwaka 1958, zikawa Jamhuri ya Muungano ya Kiarabu chini ya Gamal Abdel Nasser. Wasyria ndio walioomba. Lakini vyama vyao vya siasa vilivunjwa na madaraka yakakusanyika Cairo. Tarehe 28 Septemba 1961 maofisa wa jeshi wakapindua Damascus, na Syria ikajitoa. Njia yao haikuwa ya kutangaza na kushauriana. Hata hivyo Nasser, aliyekuwa amekwisha kutuma askari, aliwarudisha, na vita havikupiganwa.

Katika visiwa vya Komoro, Nzwani na Mwali vilitangaza kujitenga Agosti 1997. Septemba mwaka huo serikali ya Moroni ilipeleka askari Nzwani, wakashindwa. Kilichoirudisha meza ya mazungumzo ni makubaliano ya Fomboni ya Februari 2001, na katiba ya Desemba mwaka huo ikavipa visiwa mamlaka ya ndani na urais wa zamu. Suluhu ilifanya ambalo bunduki haikuweza, ingawa mgogoro wa Nzwani ulizuka tena na majeshi yakaingia kisiwani Machi 2008.

Je, wanaojitoa ni bughati?

Si kila anayedai kutoka ni baaghi. Mafakihi wa Kishafii wameshurutisha mambo: wawe wametoka katika utiifu wa Imamu, wana nguvu, wana taawili na wana kiongozi anayefuatwa. Anayedai kwa hoja, barazani au kwa kura, hakuingia katika hukumu hiyo. Na hata walio bughati hawapigwi kabla ya kuulizwa wanalolalamikia. Sayyidna Ali (r.a.) alimtuma Ibn Abbas kwenda kujadiliana na Makhawarij, na wengi wakarejea. Aya ya 9 ya Suratul Hujurat nayo imetanguliza suluhu mbele ya vita.

Kwa ufupi, kujitoa ghafla kwa upande mmoja si haki iliyo wazi, wala kuzuia kwa upanga watu wenye malalamiko ya kweli si haki ya mtawala. Ndugu imamu, ukiulizwa, kwanza uliza: mkataba unasemaje, na nani ameuvunja?

Wallahu aalam.