Hewa ya Juu na Mizani ya San Marco

Tarehe 26 Aprili 1967, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya Kiitalia, San Marco 2. Ilitumwa kupima hewa mahali ambapo wengi hudhani hamna hewa. Profesa Luigi Broglio alibuni mizani ya ajabu: setilaiti yenye gamba jepesi la nje lililoshikwa kwa mikono inayonyumbuka kwenye kiini kizito cha ndani. Hewa haba ya huko juu ilipolisukuma gamba, lilisogea kidogo mno, na msogeo huo ukaonyesha msongamano wa hewa.

Hewa hiyo ndiyo inayozipunguzia setilaiti kasi hadi zianguke, nayo haitulii. Miale ya urujuanimno ya jua ikizidi, tabaka la juu hupata joto likaumuka kama unga wa maandazi, na hewa nzito ya chini hupanda. Kwenye kimo cha kilometa 400, msongamano wa miaka ya jua kali unaweza kufikia takriban mara kumi ya ule wa miaka ya jua tulivu. Mchana nao hauko sawa na usiku.

Modeli kama MSIS hukadiria hali hiyo kwa kuangalia tarehe, saa, mahali na nguvu ya jua. Kwa kuwa miale ile haifiki ardhini, kwa miaka mingi wataalamu wametumia badala yake mawimbi ya redio ya jua yenye urefu wa sentimita 10.7, yanayopimwa Kanada tangu 1947. Kwa siku za kawaida makadirio hayo yanafaa. Dhoruba ya sumaku ya dunia ndiyo inayoyaumbua, maana joto huingia ghafla karibu na ncha za dunia kisha husambaa kwa saa chache tu.

Februari 2022, SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink hadi kimo cha kama kilometa 210. Dhoruba iliyofuata haikuwa kubwa, lakini ukinzani wa hewa ulipanda hadi asilimia 50 zaidi kuliko katika safari zilizotangulia. Zilizopotea zilikaribia 40.

Ndiyo maana naona wazo la Broglio bado lina uzito: modeli zinahitaji vipimo vya moja kwa moja, vingi na vya kila saa. Kosa dogo la msongamano likilimbikizwa siku tatu huihamisha setilaiti kilometa kadhaa kutoka ilipotabiriwa, na njia za chini sasa zimejaa maelfu ya setilaiti.